Mlinzi wa Mawazo wa Bulyaga

Bwana Medard, mzaliwa wa Dodoma na mtu asiye na kazi iliyoandikwa popote, alifika Tukuyu katika juma moja la Februari ambalo mvua ilikuwa imesahau zamu yake. Akiwa anakunywa chai gengeni karibu na soko, aliwasikia akina mama wawili wakinong'onezana.

"Usimwambie mtu," alisema mmoja. "Mwaka jana nilitaja tu kwamba nitauza maandazi ya ndizi. Kesho yake jirani akawasha jiko."

Medard aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyesikia mwito kutoka juu; ingawa aliyemwita, na tukiri wazi, hakukaa juu.

Siku ya tatu, chumba kimoja cha mtaa wa Bulyaga kilivaa kibao: OFISI YA KULINDA MAWAZO YA BIASHARA NA KUWATAFUTIA WAANZILISHI MTAJI. Ndani mlikuwa na meza, sanduku la bati, kufuli kubwa kuliko sanduku, na mhuri uliochongwa kwenye soli ya kandambili. Mwenye wazo aliliandika, akalitia katika bahasha, bahasha ikazibwa kwa nta nyekundu, naye akaacha jogoo mmoja kuwa ada ya ulinzi. Watu wetu ni wacha Mungu, na chochote chenye mhuri hukiheshimu. Haikupita wiki mbili, majogoo wa Bulyaga waliwika kwa zamu kama kwaya yenye sauti nne.

Kila jioni, mlinzi huyo alizifungua bahasha kwa mvuke wa sufuria, akasoma, akazifunga tena. Kumi na tisa kati ya ishirini zilisema: kufuga kuku.

Ndipo akaja Tupokigwe, mjane wa kijiji cha Ikuti, mwenye shamba la ndizi na wazo alilolibeba kifuani kwa miaka minne.

"Mwanangu, hili likiibwa, nitabaki kuwauzia walanguzi mikungu kwa bei ya kutupa mpaka nife."

"Mama! Mimi ni kaburi lenye kufuli."

"Makaburi nayo hufukuliwa, baba."

Macho yake yalikuwa juu ya meza, kwenye bahasha ya Jairo, fundi seremala. Karatasi ilikuwa imelegea na kujikunja pembeni. Tupokigwe alikuwa amepitisha majani ya migomba juu ya moto tangu utotoni ili yalainike kwa kufungia chakula. Hakuhitaji kufundishwa dalili za mvuke.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nimeharibu mwandiko. Nipe karatasi nyingine."

Akaandika upya, kwa herufi kubwa: *Unga wa ndizi mbichi wa uji wa watoto. Menya, kata, anika juani siku tatu, saga. Duka la Mbeya linausubiri.* Hapakuwa na neno la uongo. Akaacha jogoo wake, tena aliye mwembamba, akaaga.

Jioni hiyo Medard alicheza peke yake chumbani. Kwao Dodoma, ukianika kitu asubuhi, mchana unaokota kigae. Kulipopambazuka alikuwa Ikuti.

"Mama, nahitaji ndizi. Za harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Hongera sana! Bibi harusi ni binti wa nani?"

"Bado... wazee wanaangalia."

"Unataka mikungu mingapi?"

"Yote. Hata ya majirani."

"Ndaga fijo, asante sana. Lakini bei ya harusi si bei ya walanguzi, baba."

Medard alilipa mara tatu ya bei ya soko. Ili fedha zitoshe, aliuza majogoo wote, na Bulyaga ikalala mpaka saa mbili.

Akazianika ndizi uani kwenye mikeka. Siku ya pili mvua ilikumbuka zamu yake, ikanyesha siku kumi na moja. Vipande vikawa vyeusi, vikaota ndevu za kijivu, hatimaye vikaanza kutoa povu. Wazee wa kanisa walipita mara mbili kuuliza ni nani anayepika pombe.

Medard alikimbilia kwa mtendaji wa kata, ambako Tupokigwe aliitwa pia, na Jairo, mteja mwenzake, awe shahidi.

"Mama huyu amenitapeli! Ameandika siku tatu za jua!"

"Ameandika wapi?" aliuliza mtendaji.

"Kwenye bahasha."

"Ile uliyoifunga kwa mhuri?"

Jairo alianza kukunja mikono ya shati, taratibu, kwa unadhifu wa fundi. Medard alitorokea dirishani, na mji wetu haujamwona tena.

Kwa fedha zile Tupokigwe alikodi lori, akapeleka mikungu iliyofuata kwa mdogo wake Elina, kule uwanda wa Usangu, ambako bati huwaka kwa jua hata sisi tukiwa chini ya miavuli. Unga wake sasa uko Mbeya, dukani, kwenye pakiti.

"Mtaji ulipata wapi, mama?" mtendaji alimuuliza.

"Ofisi moja ilinisaidia."

"Kumbe zipo ofisi zinazosaidia?"

"Zipo, baba. Ila uwapelekee wazo nusu."