Jiwe la Kukomesha Uvimbe

Jumatatu, 4 Machi 1974

Uniwie radhi, shajara. Tangu Krismasi sijakuandikia neno. Mke wangu Drusilla ana uvimbe kwenye titi. Alinificha. Mimi, niliyefundisha Elimu ya Afya mpaka nikastaafu!

Leo tulimwona Daktari Nyangate mjini Kisii. Alieleza vizuri. Chembe za mwili huzaliana, lakini zikigusana na jirani zake hupata amri ya kukoma, nazo hukoma. Hizi za Drusilla haziipokei tena amri hiyo. Imetolewa, hazisikii. Anataka kulikata titi upesi. Nilisema nitafikiri.

Jumatano, 6 Machi

Nimefikiri! Chai changa nayo haisikii. Ili isipande juu, tunainamisha matawi yake kwa vigingi, inatambaa. Uvimbe unahitaji kizuizi tu! Nimeagiza kwa mchongaji wa mawe wa kijiji cha Tabaka bamba la jiwe, ukubwa wa kiganja. Akauliza kama ni la kuwekea sabuni. Nikamwambia achonge, asiulize.

Jumamosi, 9 Machi

Sabato. Drusilla alikwenda kanisani, jiwe limefungwa kwa leso chini ya gauni. Aliposimama kuimba likaanguka. Kishindo! Kaka yake Obadiah, mzee wa kanisa, alicheka mpaka machozi. Alipojua lilikuwa la nini, akanigeukia. Kisha, mbele ya watu: "Shemeji, dada yangu si mche wa chai."

Aibu! Nyumbani nimelifunga tena. Nimekaza.

Jumatatu, 11 Machi

Drusilla halali. Ngozi imechubuka. Nilimwuliza kama uvimbe umepungua. "Umepungua, Baba Andrew," akasema, akitazama ukuta. Furaha iliyoje!

Baadaye nikamsikia akimwambia binti yetu Kwamboka kwamba alisema hivyo ili nipate kula.

Hapana. Umepungua.

Jumatano, 13 Machi

Obadiah amempeleka hospitalini nikiwa shambani. Mwizi! Kwamboka amerudi analia. Daktari ameona uvimbe wa pili, kwapani. Yuko tayari kupasua kesho asubuhi, na anasema kila siku inayopita ni hasara. Drusilla ndiye anayekataa. Hapasuliwi bila neno langu. Tumeoana kanisani, anasema, hawezi kuniacha nje ya jambo hili.

Kwamboka amesimama mlangoni. "Baba, sema ndiyo tu, nitakimbia nayo."

Sijakataa. Lakini Obadiah hajaniomba radhi kwa maneno yale ya kanisani. Aje kwanza. Nimemwambia Kwamboka akae chini.

Nikishaamua, nitaandika.