Stika ya Miaka Kumi

Jumatatu, 9 Februari

Nimenunua laptopu! Asubuhi nimeuza taipureta yangu ya miaka ishirini, machozi yakinilengalenga. Sababu ni moja tu. Ijumaa mwalimu mkuu atachagua mtu wa kumchapia mitihani yote ya shule, na wanaoitaka kazi ni wawili: mimi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye meza jirani na yangu hapa barazani nje ya ofisi ya ardhi. Yeye alinunua laptopu mwezi uliopita. Tangu hapo wateja wananipita kama nguzo. Nikiikosa mitihani hii, meza nafunga.

Fundi wa dukani, mama mmoja mpole, aliniuliza kama nina maswali. Nilikuwa nayo kama arobaini. Nikamwambia sina, mimi mtu wa mashine tangu zamani.

Nyumbani nikaiwasha. Lo! Ikaanza kunihoji. Lugha gani, nchi gani, jina nani, unakubali au hukubali. Nimekubali kila kitu. Mama watoto akauliza nimekubali nini. Nikamwambia mambo ya ofisi.

Kisha nikatafuta pa kuandikia barua. Hakuna! Pa kutazama hali ya hewa papo. Pa kucheza karata papo. Pa kuandikia, wanataka ninunue tena. Laptopu ya mchapaji haina pa kuchapia! Sijapata kuona.

Jumanne, 10 Februari

Imejifunga yenyewe mbele ya mteja. Ikaandika: inasasishwa, usizime. Asilimia mbili. Nikangoja. Asilimia mbili. Nikazima. Siamrishwi na kitu nilichokinunua mwenyewe.

Nikamwuliza shemeji, kwa niaba ya rafiki yangu mmoja, kwa nini laptopu mpya inatambaa. Akasema memori ya huyo rafiki ni ndogo, amwone fundi amwongezee, hata yeye aliongezewa siku ileile ya kununua. Ila asijaribu kuifungua mwenyewe. Kuna stika juu ya skrubu moja, ikichanika waranti imekwenda. Akaniomba nimsalimie sana rafiki yangu. Macho yake yalikuwa yanacheka.

Waranti! Nikatoa karatasi kwenye boksi. Ikiharibika ndani ya mwaka mmoja bila kosa langu, napewa nyingine. Hapo akili ikafunguka. Nalegeza waya mmoja, inakufa, naipeleka kwa sura ya huzuni, napewa mpya, naomba yenye memori kubwa. Watu wanakaa chuoni miaka mitatu hawatoki na wazo kama hili.

Jumatano, 11 Februari

Nimechukua bisibisi ya cherehani ya mama watoto. Nimetoa skrubu kumi. Nilipofunga zimerudi nane. Mbili sijui zilikuwa za nini, maana imefungika vizuri tu. Na imekufa kabisa. Hongera kwangu!

Ndipo nikaiona ile stika. Vipande viwili! Nikakaa sakafuni kama mfiwa. Taipureta sina, laptopu sina, na keshokutwa ni Ijumaa.

Nikainua macho, nikaliona godoro letu. Ubavuni mwake kuna stika ya rangi ya fedha, inang'aa, imeandikwa WARANTI. Tena si mwaka mmoja. Miaka kumi! Nimeibandua kwa mvuke wa birika. Imekaa kwenye laptopu kama imezaliwa hapo. Maandishi madogo sikuyasoma. Kazi yangu kuandika.

Alhamisi, 12 Februari

Sijui nianzie wapi. Dukani nimemkuta shemeji, kafuata wino wa printa. Kurudi nyuma nimeshindwa, fundi alikwisha kunipokea mzigo. Akaigeuza laptopu. Akaitazama stika. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, mbele ya watu sita:

"Waranti hii haihusu bidhaa iliyolowa mkojo."

Mungu wangu! Nikasema haijalowa. Ndilo neno pekee lililonijia. Mtu mmoja alitoka nje akacheke vizuri. Shemeji akasogea, akainama, akachungulia.

"Hili godoro nilimnunulia dada yangu mimi," akasema.

Fundi hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akanieleza taratibu kwamba waranti si ile stika tu, inakwenda na namba iliyobandikwa chini ya laptopu, na ya kwangu ndiyo imekwisha. Akafungua, akachomeka waya wa betri, ikawaka. Akaniwekea programu ya kuandikia, ya bure. Ya bure! Ningeuliza Jumatatu, ningepewa Jumatatu. Akaniagiza niiache kwenye umeme bila kuizima, imalize kusasisha nilikokukatiza. Nikaitikia. Nilipofika nyumbani nikaizima, ipumzike kwa ajili ya kesho.

Mama watoto amekwisha kusimuliwa na kaka yake.

Ijumaa, 13 Februari

Mwalimu mkuu kafika saa tatu kamili, kavuta kiti, katukabidhi ukurasa mmoja mmoja tuchape. Nikawasha. Inasasishwa, usizime. Asilimia nne. Vidole hivi vimechapa hati za nusu ya mji, leo vimekaa mapajani kama vya mgeni! Shemeji alipomaliza, mimi nilikuwa asilimia kumi na moja. Kazi kapewa yeye. Nimeanza kufungasha meza.

Shemeji akanishika bega. Hakunitazama.

"Mitihani ni mingi, shemeji. Nusu chapa wewe, kwa laptopu yangu hii. Una mkono mwepesi kuliko mimi. Na dada asisikie kwamba ulitaka kufunga meza."

Akaniachia laptopu yake, akaenda kula. Nimeduwaa. Mtu niliyemwonea kijicho mwezi mzima! Kidogo nilie hapo hapo barazani. Nikaishika laptopu yake kwa mikono miwili, kwa heshima. Nikaigeuza, kwa heshima vilevile. Ni aina moja na yangu. Stika nzima. Waranti imebaki miezi kumi na moja.

Sasa kosa langu nimeliona. Nilihamisha stika moja, kumbe zinahamishwa zote mbili, pamoja na ile ya namba. Shemeji kasema atarudi baada ya nusu saa. Inatosha.