Jeti Tisa za Gazetini

Asubuhi hiyo ya Jumamosi gazeti lilitangulia kufika benchini, mbele ya duka la Dobi, kabla ya kahawa, na balaa lilianzia hapo.

"Tisa!" Taarifa alipiga kelele. Ni mstaafu wa posta, na gazeti lake lazima alisome kwa sauti, utake usitake. "Shirika letu la ndege sasa lina jeti tisa, aina nne! Kuna pana zenye njia mbili ndani, kuna ndefu za njia moja, kuna fupi, kuna na hizi za watu hamsini."

"Sema aina tano," akadakia Rubani. Huyo ni fundi baiskeli. Ndege anaziona zikipita juu tu, cheo alipewa na miwani yake myeusi. "Umesahau zile zisizoruka."

Benchi lilicheka mpaka likayumba.

"Wivu tu! Wenzio wana jeti tisa, wewe hata pampu unaazima."

"Ya kuazima, lakini inajaza upepo. Aina nne, mzee wangu! Kila aina na marubani wake, mafundi wake, spea zake. Ikiharibika moja, zingine zinaishia kuipa pole."

Dobi alikuwa mlangoni pake, kashika pasi. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kuchangia. Leo roho ilikuwa juu juu, kwa sababu bintiye kapata kazi ya uuguzi mji wa mbali na anatakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Tiketi yake inasema Jumapili mchana, jeti pana.

Sasa, Dobi ndiye anayefua vile vitambaa vya kuegemezea kichwa kwenye viti vya ndege. Kila aina ina mshono wake. Vya jeti fupi huletwa kila wiki, vimelowa mafuta ya nywele. Vya jeti pana vililetwa mara moja, miezi kumi na minne iliyopita, na mpaka leo viko kabatini, vimenyooka, hakuna aliyeviulizia. Muda wote huo Dobi amejidanganya kwamba labda wamenunua vingine.

"Dobi, mbona umenuna?" akauliza Taarifa. "Binti si anapanda pana kesho?"

"Nguo zake ninazo mimi."

"Za binti?"

"Za ndege." Akawaeleza yote.

Rubani akavua miwani. Wengine ndiyo kwanza wanayaona macho yake.

"Labda inaruka hivyo hivyo," Taarifa akajaribu. "Hata mimi leo sijavaa fulana ya ndani."

Hawajamaliza kuguna, gari la shirika likasimama. Akashuka afisa mmoja, tai hadi kitovuni.

"Dobi, vitambaa vya pana viko tayari?"

"Tayari, bosi!" Dobi nusura amkumbatie. "Kumbe kesho inaruka!"

"Kesho inapigwa picha, waandishi wanakuja. Nipe vya upande wa kushoto tu."

"Na kulia?"

"Kulia viti vimeshahamishiwa kwenye jeti nyingine."

"Bosi, na abiria wa kesho je?"

"Watatangaziwa," afisa akasema, akitazama saa. "Wakishafika uwanjani."

Dobi alitoa simu palepale, hakujali nani anasikia. "Mwanangu, funga begi sasa hivi. Kuna basi la saa nane, linafika Jumatatu alfajiri. Usiniulize, mama, funga begi!"

Kisha akabeba kifurushi kizima na kumsukumia afisa kifuani. "Chukua vyote. Hivi vya kulia wafungeni waandishi machoni."

Kazi ya kulifulia shirika ikafa hapo hapo, na Dobi akafunga duka bila hata kuaga. Taarifa alikunja gazeti, akalikalia. Rubani alikuwa keshapanda baiskeli, anapangusa kiti cha nyuma kwa kiwiko.

"Binti nampeleka kituoni mimi," akasema. "Ninayo aina moja tu, ila hii inaondoka."