Ubaba wa Kukodisha

Callixte mwenyewe anakubali, tena bila kupigwa: siku ile mpumbavu alikuwa yeye. Anaomba tu isisahaulike kwamba alikuwa mpumbavu aliyevaa koti. Haya, hatukusahau.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane, kule Masisi inakoishia na Walikale inakoanzia, ingawa mvua ya huko haijawahi kuuliza mpaka uko wapi. Callixte alikuwa anakaribia Kashebere kumuuzia mtu dawa ya kuzuia radi, alipokuta arusi imenyeshewa. Bibi arusi alikuwa ameacha kiatu kimoja matopeni, na wajomba zake walikuwa wakikitafuta kwa vijiti kama watu wanaochokoa viazi. Mpiga gitaa alikuwa amelifunika gitaa kwa shati lake, yeye amebaki kifua wazi. Maharagwe yalikuwa yanaogelea. Callixte alisikitika sana, akala, kisha akakimbilia kujikinga katika nyumba ya zamani ya kukaushia pareto, upande wa juu wa barabara.

Mzungu wa pareto aliondoka wakati wa vurugu akisema atarudi wiki inayofuata. Wiki hiyo ilikuwa bado haijafika. Nyumba ilibaki pale, ndefu kama kanisa, mabati mazima, saruji chini, mlango mbele na mlango nyuma, na popo waliokuwa hawalipi chochote. Callixte alipiga saruji kwa kisigino. Mguu haukuzama. Akacheza rumba kidogo, peke yake, kwa ajili ya utafiti. Bado haukuzama.

"Hapa," aliwaambia popo, "bantu bataoa."

Wako watu ambao wakikuta nyumba haina mtu huuliza mwenyewe yuko wapi. Ndiyo maana wanalima hadi leo. Callixte hakuuliza. Alishuka Sake akanunua kufuli, akarudi akalitia mlangoni, akaketi nje na ufunguo shingoni. Kesho yake mpita njia akamwamkia, "Jambo, Papa mwenye nyumba." Hati ya kumiliki ikawa imetolewa.

Vikabaki viti. Alimwendea Papa Léopold, katekista.

"Papa katekista, mabenchi ya kanisa imelegea miguu. Unipatie, nitaitengeneza bure, juu ya roho yangu."

"Roho yako iko na nini?"

"Iko mugonjwa."

Papa Léopold, ambaye alikuwa ameitazama roho hiyo kwa muda mrefu na hakuwa na la kubisha, alikubali. Tangu siku hiyo wakristo wa mlimani waliomba Jumapili wakiwa wamesimama, na Jumamosi walilipa ili waketi juu ya mabenchi waliyoyachonga wenyewe.

Malipo yalikuwa mbuzi. Pesa mpya, makuta, zilikuwa zimetoka juzi tu, na Callixte alikuwa na mashaka na kitu chochote kilichochapwa, kwa sababu aliwahi kuchapa kidogo yeye mwenyewe. Mbuzi hachapwi. Biashara ikaenda. Nani atakubali tena binti yake aolewe matopeni, wakati Kashebere kuna sale ya feti, ukumbi mzima wa sherehe, yenye saruji? Nyuma ya nyumba mbuzi wakaongezeka, na Callixte akaanza kukohoa kama tajiri.

Ndipo akaja Mama Athanasie, mjane, mkulima wa maharagwe, mwenye kitenge kilichofuliwa hadi ndege waliochorwa juu yake wakapoteza mabawa.

"Papa mwenye nyumba, niko na binti, Athanasie. Mutoto ya Papa Ndayambaje wa Rubaya anamutaka. Banaleta ng'ombe. Lakini banasema hawawezi kuleta ng'ombe kwa mujane mwenye nyumba inavuja."

"Hao njo bantu ya heshima. Mbuzi moja, Mama, na sale iko yako siku muzima."

"Mbuzi sina."

Callixte akaanza kuufunga uso wake, kama afungavyo mlango.

"Na hata ningekuwa nayo," mjane akaendelea, "bwana yangu alikufa, hakuacha kaka yake hata mumoja. Ng'ombe ya binti inafungwa kwa baba. Miye nitaifunga kwa nani?"

Maneno hayo yaliingia katika sikio la Callixte, yakavua viatu, yakaketi. Upande wa Buleusa alikuwa ameona ghala la kahawa, tupu, zuri, lisilo na mtu. Kwa ng'ombe mmoja angelipaka chokaa na kulinunulia mabenchi yake halisi. Na mtu mwenye sale moja anaweza kuitwa tapeli, lakini mwenye sale mbili huitwa mfanyabiashara, na watu humpisha njiani.

"Mama," alisema taratibu, "feti bila baba iko kama soko bila muzani. Wageni batauliza. Miye ninaweza kukaa pale mbele, kama baba. Kwa huruma tu."

"Hapana! Ubaba iko muzigo, Papa Callixte."

"Muzigo gani? Kukaa, kukohoa, kupokea."

"Baba anapokea, kisha anatoa."

"Nitatoa baraka."

"Utasema vile mbele ya bantu? Mbele ya Papa Léopold?"

"Hata mbele ya askofu."

"Na kodi ya nyumba?"

"Baba anaweza kulipisha binti yake kodi? Mama, unanitukana."

Mama Athanasie alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakamtikisika kwa muda. Callixte aliguswa sana na kilio hicho.

Siku ilipofika mvua ilinyesha vizuri, kana kwamba nayo ilikuwa na hisa. Watu wa Rubaya walifika wakiwa wengi: wachukuzi wa mizigo, wanaume wenye shingo kama nguzo, ambao hawajawahi kuweka chini kitu walichoamua kubeba. Karibu na mlango wa nyuma liliketi kundi jingine, la Papa Faustin wa Buleusa, watu wapole, wanakula bila haraka. Callixte alidhani ni majirani. Katikati walizunguka vijana watatu warefu wakimimina kasiksi, ile pombe ya ndizi, bila kumwaga hata tone. Alipendezwa na kazi yao. Alijiambia kwamba biashara ikikua atawaajiri, na kwamba hatawalipa.

Papa Léopold alisimama. Alikuwa ameketi juu ya benchi lake mwenyewe, na alikuwa amelitambua.

"Nani njo baba ya huyu binti?"

Callixte akainuka, akafunga vifungo vya koti. "Miye njo baba."

"Unakubali kazi ya baba, yote, sawa vile desturi yetu inasema?"

"Ninakubali."

"Bantu, mumesikia?"

"Tumesikia!"

Akaletewa mtungi. Mwenye nyumba hunywa wa kwanza, ili wageni wajue hakuna sumu. Callixte alivuta mrija kwa muda mrefu kuliko usalama ulivyohitaji, na wageni wakaridhika kabisa.

Kisha ng'ombe akaingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa mwekundu, mnene, mwenye macho ya mtu aliyesamehe. Papa Ndayambaje akatoa kamba, Callixte akaipokea kwa mikono miwili, wanawake wakapiga vigelegele, na kwa muda wa wimbo mmoja hapakuwa na tajiri mkubwa kuliko yeye kutoka Masisi hadi Walikale.

Wimbo ukaisha.

"Sasa," akasema Papa Léopold, "tusikie bantu ya Buleusa."

Papa Faustin, yule mlaji mpole, akainuka akapangusa midomo. "Binti yetu Emérence anangojea Honoré siku mingi. Tulisema: ng'ombe ya Athanasie ikiingia, na Emérence anatoka. Tulikuwa na wasiwasi, juu Honoré alikosa baba. Leo tunamuona. Tunashukuru Mungu. Tena iko na koti."

"Honoré njo nani?" aliuliza Callixte.

Mmoja wa wale wamiminaji akaweka mtungi chini, akapiga magoti. "Njo miye, Papa."

Katika milima ile jambo hilo si habari. Ng'ombe wa dada ndiye anayemwoza kaka; huingia na kutoka kabla hajajua majani ya hapo yana ladha gani. Callixte mwenyewe alizaliwa huko, alilijua kama anavyolijua jina lake, angalau lile la kwanza. Ila alipoonyeshwa mjane mwenye binti, hakuwa ameuliza kama kuna wavulana.

Watu wote walimtazama. Shingo za Rubaya nazo ziligeuka. Callixte akatoa kamba. Ng'ombe akapita katikati ya mabenchi, akatoka kwa mlango wa nyuma, na Papa Faustin nyuma yake. Feti mbili ndani ya sale moja, na hakuna aliyelipa. Kama mfanyabiashara, hilo ndilo lililomkata maini.

Wamiminaji wawili waliobaki wakaja wakapiga magoti mahali Honoré alipokuwa.

"Na siye, Papa?"

"Nyinyi nini?"

"Miye Hakorimana, huyu Léonard. Na siye tunataka kuoa. Dada ingine hatuna, basi ng'ombe zetu zitatoka kwako." Hakorimana akachungulia kwa mlango wa nyuma. "Tunaweza kuanzia na zile mbuzi."

"Ngojeni!" Callixte akaruka. "Miye siko baba yenu!"

Papa Ndayambaje akainua kichwa polepole. "Hauko baba? Basi ng'ombe yetu imepokelewa na nani?"

Wachukuzi wa Rubaya wakaacha kutafuna.

"Niko baba," Callixte akasahihisha upesi. "Baba ya Athanasie. Athanasie tu."

"Tumbo moja, baba mumoja," alisema Papa Léopold, akilipapasa benchi lake. "Ulikubali kazi yote. Njo tulivyosikia."

"Lakini Papa katekista, hata hii nyumba haiko ya..." Hapo Callixte akamwona Mama Dorothée, aliyekuwa ameozesha binti wawili ndani ya sale ile na kulipa mbuzi kila mara. Alikuwa ameinama mbele, mkono sikioni.

"Haiko ya nani, Papa? Sikusikia muzuri."

"Ninasema inje mvua iko mingi."

"Aa."

Vijana wakainuka, wakasimama mbele yake, mmoja kulia, mmoja kushoto, warefu, watulivu, kama watoto wanaomsubiri baba yao amalize kuongea. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa ameshaanza kufungua mbuzi. Callixte aliwasikia wakilia, akainua mikono juu.

"Bantu ya Mungu, munihurumie! Hawa batoto sikuwazaa! Hata mumoja!"

Mama Athanasie, aliyekuwa amejifunika tena, akateremsha kitenge usoni. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Na hii nyumba, Papa, uliijenga? Uliikuta imesimama, ukasema iko yako. Basi na hawa si umewakuta banasimama?"