Njaa Yangu Ilivyosomwa Kanisani Kamuli

Leo nimefedheheka, jamani. Si kule kufedheheka kwa kuteleza kwenye tope mbele za watu, hiyo nimeizoea. Leo nimefedheheka mbele ya baba mkwe, mwiko mkononi, nikichopoa ndizi kutoka kwenye chungu cha binti yake.

Nianzie mwanzo, maana mkisimuliwa na wengine mtasikia vibaya zaidi. (Hata nikisimulia mimi ni vibaya.)

Mnajua mimi ni bwana shamba hapa Ihembe. Wiki iliyopita tuliitwa Bugene kwenye semina ya tahadhari ya njaa. Hatukuwa mabwana shamba peke yetu. Walikuwepo walimu, makatekista, wainjilisti, watu wa ushirika, hata muuguzi wa zahanati. Mkufunzi, mtu mpole aliyetoka mkoani, alisema njaa haianguki kama mvua ya mawe. Inatoa dalili, na wa kwanza kuziona ni mtu wa kijijini. Basi tujifunze kuziona, halafu tushirikiane kuzifikisha habari upesi. Mimi nilikaa mbele. Niliuliza maswali. Nilijiona mtu wa maana kabisa.

Tukapewa kazi mbili za kufanyia nyumbani. Ya kwanza, kila mtu apime chakula kinachopikwa kwake kwa wiki nzima, aijue kwanza kaya yake kabla ya kwenda kuzihoji za wenzake. Ya pili, kila mtu aandike taarifa ya mfano ya kaya yenye njaa, aipitishe kwa mshirika wake wa upande wa pili wa wilaya, naye awafikishie watu wa kwao, tuone kama itafika na kama itafika nzima. Mshirika wangu alikuwa katekista wa Kamuli.

Sasa, kaya ya mfano lazima iwe na jina. Nimwandike nani? Hapa kwetu ukimtaja mtu hadharani kwamba ana njaa umemtukana yeye, mkewe na migomba yake, na kesho mko kwa balozi wa nyumba kumi mnaamuliwa. Nikaona nijiandike mwenyewe. Nikaandika kwamba kwangu tunakula mara moja kwa siku, maharage ya mbegu tumeshayala, na mama wa nyumba amekonda. (Mama Koku hajakonda. Ningeandika alivyo, isingekuwa njaa.) Mwishoni nikaandika kwa herufi kubwa: HILI NI ZOEZI TU. Katekista akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Ndiyo, ukweni kwangu ni Kamuli. Ndiyo, wanasali kanisa hilo hilo. Nilikumbuka? Nilikumbuka. Nilidhani watafurahi kuona mkwe wao anavyojua kuandika taarifa.

Haya, tuje leo mchana. Mizani nimeazima ushirika, nimeifunga kwenye boriti ya jiko la nje. Mama Koku amenivumilia tangu Jumamosi, na si jambo dogo, maana mwanaume anayesimama jikoni kuangalia mkewe anapika nini, kwetu ana jina, na jina lenyewe si zuri. Leo uvumilivu ulimwishia. Akaniambia maji yameshachemka na watoto wanakaribia kurudi kutoka shule. Nikamwambia angoje kidogo, nimesahau kuondoa uzito wa kikapu. Hakungoja. Akatumbukiza ndizi. Nikachukua mwiko nikaanza kuzichopoa, moja moja, ili nizipime upya.

Hapo ndipo niliposikia kengele ya baiskeli.

Baba mkwe, Mzee Byabato, alikuwa amesimama kwenye kijia kati ya migomba. Nyuma yake shemeji zangu wawili wanasukuma baiskeli, mikungu imefungwa mpaka baiskeli zenyewe hazionekani. Nyuma yao Shangazi Generoza, dada yake mzee, ana kapu la maharage kichwani. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Walianza safari jana, wakalala njiani kwa ndugu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu taratibu, kama anaongea na mgonjwa. "Endelea kula, mwanangu. Usiogope."

Nikawakaribisha ndani mbio mbio. Mgeni kwetu haanzi kusemeshwa kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, kwa hiyo nikakimbilia kopo. Kopo lilikuwa na karatasi niliyoibandika Jumatatu, nimeandika uzito wa kahawa iliyobaki. Mzee akaisoma karatasi. Akachukua punje moja. Akampa kopo Shangazi, naye akachukua punje moja. Shemeji zangu wakasema wao wametosheka. (Watu waliotembea tangu jana.)

Nikajua taarifa imefika. Nikacheka, ili waone kwamba ni jambo la kuchekesha. Nilicheka peke yangu. Nikaanza kueleza: semina, washirika, zoezi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Halafu akanieleza mambo yalivyokuwa huko kwao. Jumapili, wakati wa matangazo, katekista alisoma yote bila kuruka neno. Kwenye maharage ya mbegu watu waliguna. Alipofika pale pa zoezi tu, kanisa zima likanyamaza, na mama mkwe akaanza kulia.

"Tungesikia njaa tupu, tungesema tungoje tuulize," Mzee akasema. "Lakini mwanaume akisema njaa yake ni zoezi, ujue aibu imemzidi."

Na ni kweli. Ndivyo tulivyo. Mtu anaweza kushinda hajawasha moto, na ukimuuliza atakwambia kwamba leo wamechelewa kupika. Semina nzima tulifundishwa dalili, na ile dalili kubwa ya kwetu, ya mwenye njaa kukana njaa, hakuna aliyeitaja. Hata mimi, mwenyeji wa hapa hapa, niliyekaa mbele.

Nikaona dawa ni kuwapeleka shambani. Migomba ya mbele imebeba vizuri, nikaanza kuwaonyesha mikungu kama mtu anayeuza. Mzee akasema upande wa barabarani kila mtu huutunza. Akapita mwenyewe kwenda nyuma. Huko nyuma nimeng'oa migomba yote mwezi uliopita kwa sababu ya funza, nipande upya, wakulima waje kujifunza. Pameachwa uwanja mtupu. Shangazi akaguna. Nikasema baba, hili ni shamba la mfano. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama katika maisha yangu kimebaki kitu chochote ambacho si cha mfano.

Tuliporudi uani majirani walikuwa wameshafika. Baiskeli mbili zenye mikungu haziingii kwa mtu kimya kimya. Mzee akasema yake akiwa amesimama, na wala hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema hanilaumu, njaa haimchagui mtu, na chakula walicholeta ni changu, nile nirudishe nguvu. Ila binti yake na wajukuu wataondoka nao kesho asubuhi. Maharage ya msimu huu yakikomaa, nije niwafuate. Jirani yangu mmoja (niliyempa mbegu mimi mwenyewe!) akatikisa kichwa, akasema hata yeye alishangaa kuona napima kila kinachoingia chunguni.

Jamani, niliogopa. Aibu niliiweka kando, nikaogopa kweli. Niliiona nyumba haina Mama Koku, haina watoto wanaogombania kigoda, nimebaki mimi na mizani. Nikataka kukikataa chakula, nikakumbuka kwamba kumrudishia mkwe chakula ni ugomvi usioisha. Nikataka kukipokea, lakini kukipokea ni kukiri.

Muda wote huo Mama Koku alikuwa jikoni. Akatoka, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti mbele ya baba yake.

"Baba, hapa hakuna njaa," akasema. "Kuna semina."

Mzee akauliza kama inapona.

"Inaisha Jumamosi," Mama Koku akamjibu. "Nimevumilia mpaka leo, siku zilizobaki nitazivumilia. Lakini hiyo mizani ikirudi tena jikoni kwangu, sitangoja kufuatwa. Nitakuja mwenyewe kwa miguu."

Majirani walicheka. Shemeji zangu walicheka mpaka wakashikilia baiskeli. Mzee hakucheka, ila alikaa chini, akaomba lile kopo, akachota kahawa ya kujaza kiganja. Nikajua mke ninaye. Nilitaka kumshukuru pale pale, lakini Mama Koku alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kuifungua mizani kwenye boriti. Nampenda yule mwanamke, na leo nilikuwa sina hata mahali pa kulisemea hilo.

Tumekula wote uani, ndizi zao na ndizi zangu. Nikila kwa kasi, shemeji wanatazamana. Nikiacha, Shangazi ananihurumia, ananiongezea, anasema nisione haya. Nimekula mpaka mkanda nimeulegeza. Huu mkanda, wenzangu, haujawahi kulegezwa hata Krismasi.

Nikadhani yameisha. Jioni hii Mzee ameniita pembeni. Akaniambia amepata habari mbili, moja kanisani na moja kwa binti yake, na binti anaweza kumfichia mumewe. Hataki kumdhania mtu vibaya. Kwa hiyo kesho wao wanarudi Kamuli, Mama Koku anabaki, watoto wanabaki, na Shangazi Generoza naye anabaki mpaka maharage yakomae. Hatakuwa na kazi yoyote. Atakaa jikoni aangalie, na akiona dalili ampelekee habari katekista.

Mkufunzi wetu alituambia kwamba ugumu wa tahadhari ni mambo mawili: kumpata mtu wa kukaa kijijini aangalie bila kuchoka, na kuwapata watu wa kuitikia anaposema. Sisi tulikaa Bugene wiki nzima tukijadili tutawapata wapi. Ukweni wamewapata leo leo, na kaya inayoangaliwa ni yangu.

Hapa ninapoandika, Shangazi yuko mlangoni pa jiko ananitazama. Nimejaribu kutabasamu. Ameguna. Sasa nawaomba, mkitaka kucheka, chekeni huko huko mliko, msije kunichekea hapa. Hapa kwangu hata mwayo nikiupiga leo, Jumapili utasomwa Kamuli.