Kompyuta ya Kumpandisha Mzee Gabrieli Ndege

Jumapili, 6 Oktoba

Baba mkwe amekataa tena. Amempigia Josefina simu kutoka Usevya mara tu baada ya misa, akamwambia binti yake kwamba ile tiketi ya ndege ampe mtu mwingine mwenye haraka ya kufa. Mke wangu ameingia jikoni akalia. Nilipomuuliza akasema ni vitunguu. Leo tunakula maharage ya jana.

Niandike mambo yalivyo. Mzee Gabrieli ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. La kushoto limeshafunga. La kulia linaona vitu vikubwa vilivyo karibu na pua. Tangu mwezi wa nane shemeji Zablon aliyeko Dar ameshampatia daktari na tiketi: Jumanne ya tarehe 15, ndege inaondoka hapa Mpanda mchana. Akikosa nafasi hiyo, nyingine ni mwakani, na daktari amesema mwakani jicho la kushoto halitasaidika tena. Safari ndefu ya basi au treni hadi Dar haiwezi, mgongo wake ni mbovu.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, Erasmus, mwenye steshenari hapa Shanwe, mtu pekee katika ukoo wa mke wangu anayejua mambo ya ndege. Nina mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta ya nyumbani. Pasaka niliwaambia wote kule Usevya kwamba nimeshairusha ndege hadi Dar mara nne. Kwamba muda wote huo nilikuwa sebuleni kwenye stuli, sikuona sababu ya kulitaja.

Mpango: mzee aje, nimkalishe mbele ya skrini, aone ndege inavyopaa Mpanda na kutua Dar bila hata kumwaga chai. Hofu itamtoka. Josefina ameuliza mtu asiyeona nitamwonyesha nini. Nimemwambia nitaongeza mwanga wa skrini.

Kasoro ni moja tu. Kompyuta yenyewe inaganda.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepima. Mchezo unatoa picha nne kwa sekunde. Nikivuta usukani sasa hivi, ndege inapata habari baadaye. Usukani wenyewe nimeutengeneza kwa mpini wa pikipiki ya zamani, na huo hauna tatizo lolote. Tatizo ni kompyuta, niliyoipata kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi.

Nimechomoa ram, vile vibao vya kumbukumbu, kwenye kompyuta mbili zilizokufa kule steshenari, nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli, nikazichomeka. Picha tisa kwa sekunde! Nimeruka juu kwa furaha, nikagonga taa.

Polycarpe amekuja kuangalia. Huyu ni fundi kompyuta, banda lake linatazamana na steshenari yangu. Kijana mpole, hodari, hana makuu, na ndiyo sababu simpendi. Amesema kaka Erasmus, laptop yangu inaendesha mchezo huo bila shida, ichukue tu. Akaongeza kwamba ikibidi, yeye mwenyewe anaweza kuongea na mzee, maana alishapanda ndege mara mbili za kweli. Nimemshukuru kwa ubaridi. Mzee akipanda ndege kwa laptop ya Polycarpe, basi mkwe ni Polycarpe.

Jumanne, 8 Oktoba

Siku ya kurekebisha. Siri ya mchezo huu ni kuipunguzia kompyuta mzigo, na nani kasema ndege inahitaji kila kitu?

Nimeondoa mawingu. Picha kumi na mbili. Nimeondoa vivuli. Kumi na nne. Nimeondoa miti yote ya Katavi kwa mkupuo mmoja, kumi na tisa! Nimeondoa nyumba, ishirini na tatu. Mikono ilikuwa imeshachangamka, nikaondoa na maji, Ziwa Tanganyika likabaki uwanja wa kijivu. Ishirini na sita.

Ndege sasa inapita vizuri sana juu ya nchi isiyo na kitu. Josefina amesimama nyuma yangu na ungo wa mchele, akauliza Mpanda iko wapi. Nimemwonyesha. Akasema huo ni mstari. Nikasema ndiyo, ni huo mstari. Akauliza kama namtakia baba yake mema.

Alhamisi, 10 Oktoba

Joto! Jua la Oktoba linachoma bati tangu saa mbili asubuhi, na kompyuta inazimika dakika ya sita, hata magurudumu hayajaacha ardhi.

Nimeifungua. Ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na feni yake, ili joto lipite, imekauka na kuwa unga. Mjini haipo, ya kuagiza itafika baada ya wiki. Polycarpe anayo tyubu moja. Amesema nichukue bure. Bure! Nimemwambia ninayo.

Sikuwa nayo. Lakini jikoni kulikuwa na bonge la nta ya nyuki, zawadi ya mzee mwenyewe, ambaye ana mizinga sitini msituni. Nikafikiri. Nta ni laini, inajaza mianya, haipitishi umeme. Nimepaka kwa ukarimu. Polycarpe alipopita akanusa, akachungulia, akasema taratibu kwamba nta inazuia joto badala ya kulipitisha. Nimemwambia nyie mafundi wa siku hizi mmezoea vya dukani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nta imeyeyuka. Nyumba inanukia kama kanisa siku ya mkesha wa Pasaka. Lakini kompyuta imefika dakika ya tisa! Tunasonga mbele. Kilichobaki ni upepo, na upepo uko barazani.

Nikafanya kazi ya maana. Nimeitoa kompyuta kwenye kasha lake la bati, nikaitia ndani ya sanduku la mbao za mninga nililoligonga mwenyewe, lenye tundu moja mbele la kupitisha hewa na nyaya. Nta iliyobaki nimeipasha moto nikaipaka ndani ya sanduku lote, ili vumbi linase huko lisifike kwenye mashine. Kisha nimelitundika kwa kamba kwenye boriti ya baraza, kivulini. Nyaya zinaingia sebuleni kupitia dirishani. Kwa miaka kumi na minne nimemwona baba mkwe akitundika mizinga, na lazima niseme ukweli, ufundi wa kufunga kamba nimejifunza kwake.

Imefanya kazi dakika arobaini! Nimepaa Mpanda, nikaharakisha muda, nikatua Dar. Sehemu kubwa ya ndege ilitua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mzee amefika kwa basi la asubuhi, na vumbi la kwao Mpimbwe mpaka kwenye kope. Amekuja kwa sababu moja, kumwambia binti yake uso kwa uso kwamba haendi. Nimemkaribisha, nikamkalisha kiganja kimoja kutoka kwenye skrini, nikavaa shati jeupe.

Safari ya kwanza tumeangukia Shanwe. Kwa bahati nyumba nilikuwa nimeshaziondoa. Safari ya pili ndege ilipaa vizuri, ikageuka yenyewe, ikaingia ardhini kichwa chini kwa utulivu mkubwa. Safari ya tatu haikuacha uwanja, ilizunguka tu hapo kama kuku aliyekatwa kichwa. Kila mara mzee aliuliza ni nini hicho kimelia. Kila mara nilisema ni kawaida.

Baada ya safari ya nne amevua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaomba Mungu awapokee abiria. Kisha akamwambia Josefina amfungie mzigo, Jumatatu anarudi kwake akafie pale anapopajua.

Josefina ameingia jikoni. Ameosha vyombo viwili kwa saa nzima. Nimetamani anitukane.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilikuwa na mpango wa kujaribu tena baada ya misa. Nikaiacha kompyuta inawaka ili ipate moto vizuri.

Tulipofika getini tukirudi, mzee akasimama. Akainua mkono tunyamaze. Mimi nikasema ni feni ya kompyuta, baba, imeongeza kasi. Akatikisa kichwa. Akasema hilo ni kundi zima la nyuki, limeshaingia, na malkia yumo ndani.

Kweli! Sanduku langu lote lilikuwa jeusi kwa nyuki, wanaingia na kutoka kwenye lile tundu la nyaya kama wamelilipia kodi. Mbao nzuri, nta iliyopashwa moto, tundu moja, kivuli, limetundikwa. Hata mtoto wa Mpimbwe wa miaka sita anajua jina la kitu hicho. Mimi nilikiita kompyuta.

Wote walisema nisiguse. Nimegusa. Nimeumwa mara saba, na mara ya nane kwenye mdomo wa juu. Polycarpe amenikimbiza dispensari na pikipiki yake. Njiani hakucheka hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko nyuki.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, steshenari nimefunga. Hata ningefungua, uso huu ungefukuza wateja. Jicho langu moja limefunga kabisa. Sasa katika nyumba hii tuko wawili.

Mzee alipaswa kuondoka alfajiri. Hakuondoka. Amekaa barazani chini ya sanduku asubuhi nzima, sikio moja juu, anatabasamu. Nilipomletea uji amenishika mkono. Amesema kwa miaka kumi na minne alikuwa akijiuliza binti yake aliona nini kwangu, lakini mzinga huu umegongwa vizuri. Nusura nilie. Jicho la pili lilikuwa bado linaweza.

Nikapata ujasiri. Nikamuuliza kwa heshima, baba, ndege inakutisha nini hasa? Ni urefu? Ni kelele?

Akashangaa. Akasema ndege haimtishi. Kila mwaka anazisikia zikipita juu ya msitu na hajasikia hata moja imeanguka. Kinachomtisha ni mimi. Si nilisema mwenyewe, Pasaka, mbele ya ukoo mzima, kwamba mimi ndiye ninayerusha ndege za Dar? Si Josefina alimwambia kwenye simu kwamba mambo yote ya ndege anayashughulikia baba Lucia, yaani mimi? Akasema yeye ananijua. Baiskeli yenyewe ilinishinda kule Usevya, nikaingia nayo kwenye jaruba la mpunga. Na juzi amesikia kwa masikio yake jinsi ninavyoua watu.

Nikamweleza. Kwamba ni mchezo. Kwamba Jumanne ndege ina rubani wake, amesomea, ana vyeti, na mimi sitapita hata karibu na mlango wake.

Mzee aliweka chini bakuli la uji. Kisha akasema, "Kumbe si wewe? Sasa mkwe wangu, si ungesema tangu mwezi wa nane!"

Akamwita Josefina afungue tena mzigo, atoe nguo za shambani, atie suti.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye tofali. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na furaha, na mdomo uliniuma kwa vyote viwili. Miezi miwili mtu alikuwa tayari kuwa kipofu kuliko kusafirishwa na mimi.

Jumanne, 15 Oktoba

Ameondoka. Alipanda ngazi za ndege peke yake, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine ukipunga kuelekea upande ambao hatukuwepo. Ndege ikakimbia, ikapaa, haikugeuka, haikuingia ardhini. Josefina amenishika mkono hadi ilipopotea machoni. Polycarpe, aliyetusindikiza uwanjani, akasema ni kazi nzuri, kaka Erasmus. Sijaelewa alikuwa anamaanisha nini, lakini nimepokea.

Jumapili, 27 Oktoba

Habari njema! Jicho la kushoto limefunguka. Mzee amepiga simu mwenyewe, kila namba ameibonyeza mwenyewe, akatusomea maandishi ya basi linalopita mtaani kwa Zablon. Josefina amecheka mpaka akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Nimekaa nikatafakari, na nimeona jambo lililo wazi. Ule mpango wangu ulifanikiwa. Mzee alikuwa hapandi ndege, nikamwonyesha mchezo, akapanda. Watu wa nyumbani wanaeleza tofauti. Waache waeleze.

Sasa limebaki jicho la kulia; daktari, kwa kuwa mzee ni mgonjwa wake tayari, amempangia mwezi wa kumi na mbili. Na mzee, Zablon anasema, ameanza kusitasita. Amesikia kwamba safari hii watamfanyia akiwa macho. Josefina ameagiza kwamba mtu asiseme lolote, tumwachie daktari amtulize, na alipolitamka hilo neno "mtu" alikuwa ananitazama mimi.

Ila hajui kwamba kuna programu ya kompyuta ya kujifunzia upasuaji. Unashika kisu kwa mausi. Kompyuta ya barazani mzee amekataza isiguswe mpaka arudi, nyuki wameshaanza kujenga masega kwenye ram, kwa hiyo nimejichukulia nyingine kwenye mnada uleule. Jana nimejaribu macho sita. Mawili yalikwenda vizuri kiasi.

Leo Josefina alipokwenda Jumuiya nimempigia mzee kimyakimya. Nimemwambia baba, usihofu kabisa, suala la jicho hilo nalishughulikia, hata mimi mwenyewe nimeshaanza kupasua.

 Mzee akauliza yule daktari wa mwezi wa kumi na mbili anaitwa nani hasa.