Uzinduzi wa Seli za Mzee Zablon

Tangazo lilipita na pikapu ya vipaza sauti, mitaani Dodoma, kuanzia Area D mpaka Mkonze: wananchi wote mnajulishwa kwamba saratani ya damu itaanza kupungua rasmi siku ya Ijumaa, mara tu mgeni rasmi atakapokata utepe. Itifaki imezingatiwa. Soda zitakuwepo kwa walioalikwa.

Dokta Restuta alilisikia akiwa maabara, glavu mkononi. Akatafuta kiti.

Tangu amalize chuo alikuwa anahangaika na swali moja tu. Kwa nini seli za kinga, ambazo zikiona mafua tu zinapandisha mori, zikikutana na saratani ya damu zinaipisha kama mlinzi wa getini anavyompisha mtu wa suti? Swali hilo lilimpeleka ng'ambo, likamrudisha Dodoma, likamla ujana. Mama yake aliacha kumuuliza habari za ndoa, siku hizi anauliza habari za panya wa maabara. Halafu ndiyo ikaja damu ya Mzee Zablon, mkulima wa Kongwa anayeugua saratani hiyo. Seli zake za kinga hazikumpisha mtu. Zilikuwa zinaisimamisha saratani, zinaikagua, zinaimaliza.

Seli hizo ziliishi kwenye kabati la joto na zilitakiwa kubadilishiwa chakula kila baada ya siku mbili. Zikikosa zinakufa. Na baada ya dawa kali alizopewa mzee hospitali, damu yake haikuwa tena na nyingine za kuchota.

Asubuhi hiyo kamati ya maandalizi ilikuwa imelifunga kabati utepe mwekundu wenye ua.

"Mkurugenzi, naomba nifungue. Seli hazijala."

Mkurugenzi Ludovick alimtazama kwa huruma ya kiofisi. "Dokta, utepe ni utepe. Kabla ya uzinduzi, utafiti haujaanza."

"Umeanza mwaka juzi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Mkurugenzi, hizi seli zinaua saratani. Jana nimeziona kwa macho yangu."

Ludovick akavua miwani. "Zimeua? Mgeni rasmi hajafika?"

"Ndiyo."

"Huo ni utovu wa nidhamu. Ziambie zisubiri."

"Hazisikii."

"Umeshaziandikia barua?"

Kamati ikakaa, ikala, ikaazimia seli zipewe onyo la mdomo.

Ijumaa mgeni rasmi hakutokea. Alikuwa anazindua kamati ya kuratibu uzinduzi. Aliyetokea ni Mzee Zablon, ndani ya koti la kuazima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dokta. Wanangu hawajambo?"

"Wana njaa. Wamefungiwa utepe."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nikimfungia ng'ombe wangu utepe, si atakufa amependeza? Hebu niambie, huyo mkurugenzi wako anapenda nini?"

"Kupigwa picha."

"Sasa unaniangalia mimi wa nini?"

Restuta hakuwahi kumsifia mtu bila ushahidi wa maabara. Siku hiyo akajikaza, akagonga mlango.

"Mkurugenzi, nimewaza jinsi tutakavyoonekana kwenye runinga. Kabati lenyewe dogo, liko kona. Mheshimiwa ainame, suti ijikunje? Na seli hazionekani kwa macho. Mgeni mkubwa azindue kitu kikubwa."

"Kama nini?"

"Ofisi yako. Sayansi yote ya hapa si inatokea humu?"

Ludovick aliketi vizuri, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kanisani kwa mema. "Mimi mwenyewe," alisema taratibu, "nilikuwa naona aibu kulisema."

Akatoka, akafunga mlango, akafungua utepe wa kabati kwa mikono yake, akaenda kuufunga kwenye kitasa cha mlango wa ofisi yake. Mafundo mawili.

Restuta alilifungua kabati. Seli nyingi zilikuwa zimeshakufa. Akazilisha zilizobaki, akaganda kwenye hadubini mpaka moja ikajisogeza, halafu nyingine. Akalia kidogo, akapenga kamasi, akaendelea na kazi.

Jumatatu mgeni hakuja. Jumatano hakuja. Mkurugenzi alifanyia kazi kwenye korido, juu ya kiti cha plastiki, kwa heshima zote, maana utepe hakuna wa kuugusa. Ila koti lake la suti lilikuwa ndani, na hotuba ilikuwa mfukoni mwa koti. Hatimaye king'ora cha msafara wa mgeni kiliposikika getini, Ludovick alizunguka mbio nyuma ya jengo, kulikokuwa na dirisha la ofisi yake.

Mgeni rasmi akakata utepe. Ngoma zikalia, mlango ukafunguliwa, kamera zikaingia. Mkurugenzi alikuwa amekwama dirishani, kichwa na mikono ndani, miguu yote imebaki nje inapiga hewa. Wageni wakapiga makofi, kwani hakuna aliyewaambia wasipige.

Mheshimiwa alimtazama, akamgeukia Restuta.

"Dokta, na huyu naye yumo kwenye utafiti?"

"Yumo, mheshimiwa," alisema Restuta. "Ila dawa yake bado hatujaipata."

Akaomba radhi, akawahi maabara. Seli zilikuwa zimefikia muda wa kula.